Ndugu ya Karatasi

"Karatasi hii iko peke yake, Mama," Papa Grégoire alisema, akaisukuma juu ya meza kwa ncha ya kidole kama mtu anayefukuza nzi. "Uende, urudi na ndugu yake."

Séraphine aliitazama ile karatasi. Ilikuwa ya mashua ya marehemu mume wake, Apollinaire, yenye mihuri ya Wabelgiji na doa la mawese kwenye pembe. Kweli ilikuwa peke yake. Hata yeye alikuwa peke yake, basi hilo halikumshangaza.

"Ndugu yake?" aliuliza.

"Ndugu yake."

"Lazima afike hapa ku biro?"

Karani akainua macho kwa mara ya kwanza. Nyuma ya Séraphine watu wa foleni wakakohoa, na mmoja akajifanya anafunga kamba ya kiatu. "Asipofika, Mama, mimi nitafanya nini? Mukono yangu haina nguvu."

Wote walielewa. Wavuvi walielewa, mwuza mawese alielewa, hata zamu, mlinzi wa mlangoni, ambaye hakujua kusoma jina lake, alielewa. Séraphine tu ndiye hakuelewa, na asiyejua maana haambiwi maana. Akaikunja karatasi, akaagana na karani kwa heshima, akatoka.

Tusiwe wepesi wa kumcheka. Mwanamke huyu alikulia wakati wa Wabelgiji, ambapo mke hakuweza kutia sahihi hata ya kununua cherehani mpaka mumewe asimame kando yake. Na kwao, kaskazini mwa ziwa, mume akifa, anayesimama mahali pake ni ndugu yake. Serikali na mila zilikuwa zimemwambia jambo lile lile tangu utoto. Kiswahili nacho kina ujanja wake: ndugu yake ni ndugu ya karatasi, na ndugu yake ni ndugu ya mume, lugha haijali. Papa Grégoire alikuwa anaomba noti. Séraphine alisikia mtu.

Mwaka ule wa sitini na tatu mji wa Kalemie ulikuwa bado unaitwa Albertville. Serikali ya provense, yaani ya jimbo, ilikuwa mpya, na ilikuwa imetangaza kwamba karatasi za Wabelgiji zimekufa. Kila mashua ya mota ilitakiwa ipate karatasi mpya kabla ya sikukuu ya Uhuru. Isiyokuwa nayo ingefungwa mnyororo bandarini. Sikukuu ilikuwa imebaki majuma matatu. Mashua ya Séraphine, iliyoandikwa ubavuni TUSICHOKE kwa rangi nyeupe, ilipeleka ndakala, wale dagaa wa ziwa, na mawese Kigoma na kurudi na chumvi ya Uvinza. Chumvi hiyo ndiyo iliyotiwa kwenye samaki wa kijiji cha Zongwe na kwenye ugali wa nusu ya mji. Ndiyo pia iliyomlisha Séraphine na kumfanya asiwe mzigo wa mtu. Mashua ikifungwa, amekwisha.

Kwa hiyo alihitaji ndugu ya Apollinaire. Na hapo ndipo taabu ilipoanza.

Apollinaire alikuwa na ndugu mmoja tu, Théophile, mdogo wake, mvuvi wa Zongwe, mwenye mke na watoto wanne. Miaka miwili iliyopita, matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walikaa wakasema Théophile atamrithi mjane pamoja na vitu vyake. Séraphine alisimama mbele yao, akaonyesha pete ya padri, akasema yeye aliolewa na mtu mmoja na mtu huyo amezikwa. Wazee walinuna. Théophile hakusema ndiyo wala hapana. Alimaliza pombe yake akarudi Zongwe. Tangu siku ile Séraphine alimpelekea gunia la chumvi kila Noeli, na kila usiku alimwomba Mungu ambakize Théophile huko huko. Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Methali hiyo aliijua vizuri.

Alikaa hakukalika, alilala hakulalika. Alikwenda bandarini akaitazama mashua, akarudi nyumbani, akachambua mchele, akauacha nusu, akaenda tena bandarini. Jirani yake Rosalie, mwuza ndakala, mtu wa pwani ile ile ya kaskazini, alimwona akipita mara tano kwa asubuhi moja na kumsalimia mara tano. Séraphine hakumwambia neno. Mambo ya ukoo wa mume hayatangazwi sokoni.

Siku ya pili alirudi biro, ofisini kwa karani, lakini hakuingia. Alimwendea zamu.

"Papa, ndugu yake yuko mbali. Dada hawezi kufaa?"

Zamu akatabasamu hadi magego yakaonekana. "Dada naye ni muzuri, Mama. Hata muzuri zaidi, kama ni mukubwa."

Séraphine akashusha pumzi. Apollinaire hakuwahi kuwa na dada, mkubwa wala mdogo. Basi njia ilikuwa moja. Jioni ile alimwambia Damien, mekanisi wa mashua, ateremke Zongwe akamlete Théophile. Damien alikuwa kijana wa maneno machache, baba yake wa reli, mama yake wa Ujiji. Alimtazama mwajiri wake, akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kuitia mota mafuta.

Théophile alifika siku ya tatu, amevaa koti jeusi la sufu katika jua lile, na kofia mkononi. Alikuwa mwanamume mzuri wa uso, mpole wa sauti. Hilo ndilo lililokuwa baya kwake: huwezi kumchukia upesi.

"Nimekuja, shemeji," alisema. "Umeniita weye mwenyewe. Sikuamini masikio yangu."

Séraphine hakulipenda hilo neno "mwenyewe". Lakini siku zilikuwa zinakwenda, akampa maji ya kunywa, wakaondoka pamoja kwenda biro.

Papa Grégoire alimtazama Théophile. Akamtazama Séraphine. Akamtazama tena Théophile, na koti lake, na jasho lililomtiririka shingoni.

"Huyu njo nani?"

"Njo ndugu yake, Papa," Séraphine alijibu. "Ulisema nirudi na ndugu yake."

Karani alicheka mpaka akashika meza. Foleni nzima ikacheka, na sasa hakuna aliyejisumbua kukohoa. Séraphine alisimama katikati ya kicheko kile bila kujua amekosea wapi, uso ukimwaka, akivuta kitenge mabegani kama mtu aliyesikia baridi. Théophile hakucheka. Théophile alikuwa amewahi kuwauzia askari samaki na kungojea malipo kwenye milango mingi ya serikali, na pumzi moja ilimtosha kufahamu kilichoombwa na kilicholetwa.

"Papa Karani," alisema taratibu, "tutoke kidogo kule nyuma, tuongee kama wanaume."

Wakatoka. Kwa dirisha Séraphine aliona migongo miwili na moshi wa sigara. Aliona mkono wa Théophile ukiingia kotini na kutoka. Aliona vichwa vikikaribiana. Waliporudi walikuwa marafiki, wanaitana kwa majina. Papa Grégoire akafungua kitabu kikubwa, akaandika huku ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, akapiga muhuri pah! mpaka wino ukaruka. Hofu ya siku zile zote ikamtoka Séraphine kifuani. Akamshukuru karani mara tatu.

Nje, juani, alimwomba Théophile ampe karatasi. Alikuwa anasoma kama alivyofundishwa katekisimu, kwa kutikisa midomo, herufi moja baada ya nyingine. Alisoma jina la mashua. Alisoma namba ya mota. Alifika palipoandikwa mwenye mali, akasoma, akarudia, akageuza upande wa pili kana kwamba jina lake lilikuwa limejificha huko.

"Umeandikwa weye," alisema.

"Jina ni jina tu, shemeji. Si tuko nyumba moja?"

"Nyumba gani moja?"

Théophile akaichukua karatasi, akaitia kotini, akavaa kofia yake. "Mwanamuke akimuita ndugu ya bwana yake, mbele ya serikali, aje asimamie mali ya marehemu, kwetu hiyo inaitwaje? Mimi sikukulazimisha. Miaka miwili nimenyamaza. Weye njo umetuma boti inichukue."

Séraphine alijua inaitwaje.

Théophile alimweleza yote njiani, kwa upole, kama mtu anayempangia mgeni safari. Jumapili baada ya misa wazee wawili wa ukoo waliokaa mjini wangekuja nyumbani kunywa. Angekuwa mke wa pili. Akitaka kubaki Albertville, sawa, yeye angekuwa anakuja na kurudi, na mashua ingeendelea na chumvi yake. Asipotaka, Jumatatu mashua inakwenda Zongwe kuvua, na yeye afanye anavyoona. Upole ule ulimuudhi Séraphine kuliko matusi. Mtu akikutukana unajua pa kushika.

Hapo ndipo alipomwendea Rosalie, akakaa kwenye kiti chake cha kamba bila kukaribishwa, akamwaga yote. Alipofika kwenye habari ya ndugu, Rosalie alipiga kofi pajani na kucheka. Halafu akaona uso wa mwenzake, akaacha.

"Séraphine. Ndugu ya karatasi ni karatasi. Noti! Ku posta barua inaomba ndugu, ku hospitali shindano ya dawa inaomba ndugu, hata ku sanduku la maiti wanataka ndugu. Penye udhia penyeza rupia. Kila muntu anajua!"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Siku tatu ulikuwa unapita hapa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilisema, huyu ana mambo yake."

Apollinaire ndiye aliyekuwa akienda kwenye biro zote. Alikuwa akirudi na karatasi zake na kusema kazi imekwisha, hakuwahi kueleza imekwishaje. Séraphine alimkasirikia marehemu mumewe, akamkasirikia sana, akaona aibu, akamkasirikia tena.

Kesho yake alisimama mbele ya meza ya Papa Grégoire kabla ya foleni kujipanga.

"Andika upya," alisema. "Ile boti ni yangu. Chumvi yangu njo ililipa mota. Unajua."

"Najua, Mama."

"Basi andika."

Karani alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya shati. Shati lenyewe lilikuwa limeshonwa mara mbili kwenye kola. Alionekana amechoka, na kwa kweli alikuwa amechoka. Miezi mitano mshahara ulikuwa haujafika kutoka huko unakotoka, na alikuwa na watoto saba wanaodaiwa minerval, ile ada ya shule. Hayo yalikuwa kweli. Kwamba aliimaliza biashara ya mtu kwa kicheko kimoja, hilo nalo lilikuwa kweli.

"Mama Séraphine," alisema, "mimi nilikuomba kikaratasi. Kimoja tu, hata kile kilichochakaa. Weye ukaniletea muntu. Muntu ana mudomo, muntu ana mila, muntu anasema mali ni yake. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Kwa maneno gani?" Papa Grégoire akaudhika kidogo, kama mtu aliyeambiwa avue nguo hadharani. "Hayo mambo hayasemwi. Njo maana tunasema ndugu."

Séraphine akafungua pindo la kitenge, akaweka noti mezani, waziwazi, mbele ya zamu. Karani akaifunika haraka kwa kitabu, halafu polepole akairudisha. Hilo lilimtisha Séraphine kuliko yote.

"Imechelewa. Kitabu kimeshaandikwa namba, hakifutwi. Ni Directeur pekee, mukubwa wetu, anaweza kukifuta. Na Directeur yeye haombi ndugu, Mama. Anaomba ukoo muzima."

Maji yakimwagika hayazoleki. Séraphine alitoka akapita sokoni bila kuona soko, akapita relini, akasimama mpaka treni ya mizigo ikapita, akaendelea kusimama hata ilipokwisha kupita. Angeweza kuuza mota na kumpa Directeur ukoo wake wote, na kubaki na mbao zinazoelea. Angeweza kuolewa. Alijaribu kulifikiria hilo kwa haki: Théophile asingempiga, asingemnyima chakula. Angekuwa anakuja na kurudi. Angekuwa anakaa kwenye kiti cha Apollinaire na kuuliza chumvi imeuzwaje. Kila alipofika hapo mawazo yake yaligoma kama punda, hayaendi mbele.

Jumamosi mchana alimkuta Damien akisafisha mota.

"Damien, mafuta yaliyomo yanafika Kigoma?"

"Kufika, yanafika, Mama. Kurudi, hapana."

"Kurudi sikukuuliza."

Damien aliacha kufuta. Alikunja kitambaa mara nne. "Mama yangu ataniona," alisema mwisho. "Muda mrefu hajaniona."

Hawakuchagua usiku, kwa sababu usiku askari wa bandari walikuwa wengi na waoga, wakipiga risasi kila kilichotikisika. Walichagua Jumapili, saa ya misa kubwa. Kengele ya kwanza ilipolia, Théophile aliingia kanisani katika koti lake jeusi, akakaa benchi la mbele, wazee wawili wakiwa kushoto na kulia kwake. Séraphine alikuwa amemwambia atafuata, anamalizia kupika kwa ajili ya wageni. Na kweli alikuwa amepika. Aliacha sufuria ya kuku mezani imefunikwa, kwa kuwa wazee walikuwa wametoka mbali na hawakumkosea kitu siku ile.

Kwenye gati alikuwapo polisi mmoja tu, kijana aitwaye Cyrille, amekalia rundo la minyororo.

"Karatasi ya boti, Mama?"

Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa koti jeusi, benchi la mbele. Séraphine hakueleza, hakuomba, hakusema yeye ni mjane. Alifungua pindo, akatoa noti aliyokuwa ameikunja ndogo kama kidonge, akaitia kiganjani mwa yule kijana kama anayempa mkono wa salamu. Cyrille hakuitazama hata. Akanyanyuka, akasogeza mguu kuipisha kamba.

"Safari njema, Mama."

Haikuchukua muda wa Salamu Maria moja. Séraphine aliketi mashuani. Hiki tu? Kitu chepesi hivi ndicho kilichokuwa kati yake na maisha yake yote? Na mkono wake haukutetemeka, hilo aliliona pia. Juma moja nyuma usingejua kufanya hivyo. Sasa ulijua, na usingesahau tena.

Damien alivuta kamba ya mota mara mbili bila kitu. Mara ya tatu ikashika, ikatapika moshi. Walikuwa wamekwisha kuiacha gati nyuma urefu wa uwanja wa mpira ndipo waliposikia makelele. Mtu alikuwa amekwenda kanisani kusema. Théophile alikuwa anashuka mteremko mbio, koti linapepea, na nyuma yake nusu ya waumini, na watoto mbele ya wote.

"Mwizi!" alipiga kelele. "Ameiba boti! Mwizi!"

Watoto wakalidaka neno, wakaliimba. Séraphine hakuwahi kuchukua hata kiberiti cha mtu. Miaka kumi na miwili alikaa mji ule, akiwakopesha chumvi wajawazito na wafiwa, na sasa alikuwa anaitwa mwizi mbele ya watu waliojua hiyo mashua ni ya nani. Na kwa sheria alikuwa mwizi kweli. Muhuri ulisema hivyo. Alisimama ili awajibu, mashua ikayumba, akaketi.

Pamoja naye ilikuwa inaondoka chumvi ya mji, ila mji haukulijua hilo siku ile. Ulikuja kulijua baadaye, samaki wa Zongwe walipoanza kufika wananuka, na mke wa Papa Grégoire, kama wake wa wengine, akagombana na mwenye duka juu ya kopo moja la chumvi. Wakasema ni taabu za nchi. Hakuna aliyekumbuka muhuri.

"Mama," Damien alisema bila kugeuka, "wakituuliza kule, tuseme tumekimbia nini?"

Séraphine yeye alikuwa amegeuka. Alikuwa anaangalia nyuma, zaidi ya gati na kanisa, kule kwenye kilima, ambako nyumba yake ilionekana bado, ndogo, mlango wa bluu. Kwenye kamba ya uani kulikuwa na shuka mbili na lile gauni lake la kijani, zilizofuliwa jana. Alikuwa amefikiria mafuta, kuku, wazee, polisi. Nguo hakuzikumbuka. Zilikuwa zimekauka, upepo unazirusha, na Séraphine, ambaye hakulia mji mzima ulipomcheka, alilia sasa kwa ajili ya nguo ambazo hakuna mtu wa kuzianua.